Wiki Niliyowaaga Watu Bila Kuumwa

Nianze na aibu yenyewe, maana nikiizungukia sana mtadhani naificha: mimi nimewahi kuletewa kuni na unga wa msiba wangu mwenyewe, nikiwa hai, nimesimama uani kwa mama yangu kule Mungaa, suruali inanipwaya, na badala ya kuuliza kulikoni nikawashukuru walioleta. Nikatoa na hotuba. Wako wazee kule ambao hadi leo tukikutana wananishika mkono kwa mikono miwili, hawauachii haraka, wananitazama kama mtu anayekagua mbuzi aliyeuziwa mnadani. Chekeni. Lakini mjue kwamba ndani ya kicheko hicho kuna siku kadhaa ambazo sijapata kuogopa vile tangu nizaliwe, na mke wangu aliogopa kuliko mimi, naye alikuwa na mtoto mchanga kifuani.

Chanzo kilikuwa maazimio ya mwaka mpya. Wakati huo nilikuwa afisa mipango pale Singida mjini, mtu aliyesomeshwa hadi chuo kikuu ili ajue kupanga, na tulipokuwa tunatoka kwenye ibada ya mwaka mpya, mahubiri yakiwa bado yananiwasha, nikajipangia mambo yangu kimoyomoyo. Nipunguze kitambi. Nirudishe vitu vya watu nilivyoazima. Nipige picha na familia, maana tangu harusi hatukuwahi kusimama pamoja mbele ya kamera. Nikapime afya. Nikamsalimie mama kijijini, na nikiwa huko nipatane na kaka yangu Ntandu, ambaye tulikuwa hatusemeshani tangu tulipomzika baba, kwa sababu ya mpaka wa shamba. Sikumwambia mtu hata mmoja. Nilitaka niwashangaze. (Nikawashangaza.)

Sasa, mwaka wenyewe ulikuwa wa zama zile za ruksa, kila kitu ruksa isipokuwa kuishi kwa mshahara. Alfajiri nilikuwa kwenye banda la kuku wa mayai, asubuhi ofisini, jioni nafundisha twisheni, Jumamosi niko kwenye mashine ya kukamua alizeti niliyoshirikiana na mwalimu mmoja, mashine yenye tabia ya kuharibika kila inapoona magunia yamekuja, na Jumapili kanisani nasinzia huku nimefumba macho kama anayeomba. Ofisini nako kulikuwa na minong'ono ya kupunguza wafanyakazi, kwa hiyo hata aliyekuwa hana kazi alikaa mezani kwa uso wa mtu mwenye kazi nyingi. Maazimio yangu yakalala. Sikuyasahau, hapana, nilikuwa nayakumbuka kila nilipokuwa mahali ambapo siwezi kuyatekeleza.

Mwaka ukaelekea ukingoni, mawingu ya mvua ya kwanza yakaanza kupita juu ya mji bila kudondosha kitu, na siku moja umeme ukakatika ofisini nikiwa katikati ya kuandika tathmini ya miradi ya watu wengine. Nilikuwa nimewakaripia vibaya. Nimeandika kwamba hawana nidhamu ya utekelezaji. Nikakaa pale gizagiza, feni imesimama, nikajiuliza: na wewe je? Nikapitia azimio moja moja kichwani. Kitambi tu ndicho kilichoondoka, tena si kwa juhudi yangu, kilikimbia chenyewe kwa kukosa chakula cha mchana. Mengine yote, sifuri. Na nilikuwa na likizo ya wiki moja inaanza Jumatatu.

Nikajiambia, wiki moja inatosha, yote nitayamaliza.

Uamuzi wenyewe ulikuwa huo tu, mdogo, wa mtu aliyechelewa. Hapo ndipo mwenye busara angeniwekea mkono begani akaniambia, bwana, fanya moja, mengine mwakani. Lakini nilikuwa peke yangu na feni.

Jumatatu asubuhi nikaanza na ngazi ya jirani yetu Mzee Salumu, ngazi niliyoiazima kubandika bati moja, ikakaa kwangu hadi kuku wakaifanya yao ya kulalia. Nikaiosha, nikaibeba begani, nikabisha hodi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. He! Hiyo ngazi mimi nilishaihesabu kuwa yako."

"Nimeirudisha, Mzee. Na kama kuna mahali nimekukosea katika ujirani wetu, nakuomba unisamehe."

(Niliona ni adabu. Umekaa na ngazi ya mtu miaka, huwezi kuitupa tu ukutani ukaondoka.) Mzee Salumu akaacha kupiga mswaki. Akatazama mkanda wangu, niliokuwa nimeutoboa tundu jipya kwa msumari ili suruali isidondoke, akatazama mashavu yangu, akarudi kwenye mkanda.

"Unahama, kijana wangu?"

"Hapana, Mzee. Naweka mambo yangu sawa tu."

"Mimi sina kinyongo na wewe," akasema polepole. "Wallahi sina. Mungu akufanyie wepesi."

Nikaondoka nimefurahi. Azimio moja limetimia kabla ya chai.

Siku hiyo hiyo tukaenda kupiga picha, mimi na mke wangu, Mama Neema, na watoto wetu watatu, Neema mwenyewe, mdogo wake wa kiume, na yule mchanga. Tumevaa vya Jumapili. Tulipomaliza, mpiga picha akaniambia filamu bado ina nafasi, nikae basi nipige ya peke yangu. Nikakaa, tai imebana.

"Hii nikukuzie?"

"Kuza."

"Kubwa?"

"Kubwa kabisa."

Mama Neema alikuwa ananiweka kola vizuri. Mikono yake ikasimama pale shingoni.

"Ya nini kubwa hivyo, Baba Neema?"

"Ya sebuleni. Ili watoto wawe wananiona."

Nilimaanisha kwamba siku hizi nashinda nje, basi walau picha ishinde nyumbani. Lakini ninyi mliokuwepo miaka ile mnakumbuka. Tulikuwa tunazika watu wa umri wangu karibu kila tulipopumua, na ugonjwa wenyewe haukutajwa kwa jina, watu walisema amekanyaga miwaya, au walisema tu "ugonjwa huu wa siku hizi" na kutazama chini. Na picha kubwa ya mwanamume peke yake, mwenye tai, hatukuwa tukiiona sebuleni. Tulikuwa tukiiona imeegemezwa kwenye jeneza. Mke wangu alimbeba mtoto, akamfunika vizuri na kanga ingawa kulikuwa na joto.

Jumanne nikaenda hospitali. Nilikwenda kwa ajili ya presha tu, maana nilikuwa nimefika umri ambao watu wanaanza kuulizana presha kama zamani tulivyoulizana timu, lakini nilipofika kwa daktari, kijana mpole, nikaona nisifanye kazi nusunusu. Nikamwambia anipime kila kitu. Akanipima presha, akaniambia ni ya kijana, akanitoa damu, akachukua na choo, akaniambia nirudi Ijumaa kwa majibu. Natoka pale na pamba nimeibana kwenye kiwiko, nani huyo ananijia mbele? Mama Upendo, anayeimba kwaya na mke wangu, amebeba chupa ya uji wa mgonjwa wake.

"Baba Neema! Unaumwa?"

"Siumwi, nimekuja kuangalia kama bado nipo." (Utani. Mimi na utani wangu.) Halafu, kwa kuwa ninamjua mke wangu kwa wasiwasi, nikaongeza: "Usimwambie mwenzangu, atahangaika bure."

Sijui ni kitu gani kingine ningeweza kusema ili habari ifike nyumbani kabla yangu.

Jioni Mama Neema hakuniuliza chochote. Alisonga ugali, akaniwekea mlenda, akakaa mbali kidogo akinyonyesha na kunitazama nikila. Nilipomwambia kesho nakwenda Mungaa, nikapatane na kaka na tumalize mambo ya shamba, akauliza, "Na Ntandu? Wewe na Ntandu?" Nikasema ndiyo, nataka yaishe wiki hii. Akaitikia kwa kichwa. Nikalala usingizi wa mtu mwenye maendeleo.

Mungaa nilifika mchana, kwa basi la mtu binafsi lililopiga honi njia nzima kama lina harusi. Mama alinipokea, akanipapasa mbavu, akaguna. Nikampa blanketi. Nikaenda moja kwa moja kwa kaka, nyumba ya pili.

"Shikamoo, kaka."

Alikuwa ananoa jembe. Aliligeuza, akanoa upande wa pili kwanza.

"Marahaba. Leo umeshukaje?"

"Nimekuja yaishe. Tuite majirani, tuonyeshane mipaka ya shamba."

Hapa lazima niwaeleze jambo, ingawa mimi sikuhitaji kuelezwa, nimezaliwa pale. Kwetu mtu haonyeshi mipaka hivi hivi tu kwa kuwa ana likizo. Anayeonyesha mipaka ni mtu anayejisikia kuondoka. Anawaita ndugu na majirani, anatembea nao pembeni mwa shamba, kwenye ule uzio wa minyaa, anagusa shina moja moja kwa fimbo na kusema hapa ni pangu, hapa ni pa fulani, ili wakishamzika pasiwe na ugomvi. Baba yetu alikufa ghafla bila kufanya hivyo, na ndiyo maana sisi tukagombana. Nilikuwa nayajua yote hayo. Lakini ofisini tulikuwa tunaliita jambo hilo "kuhakiki mipaka", na ukishalipa jambo jina la ofisini unasahau sura yake.

Kwa hiyo nikashika fimbo. Mimi, mdogo mtu, nimekonda, nikatangulia mbele, majirani nyuma, nagusa minyaa na kueleza kwa sauti ya semina. Hakuna aliyebisha kitu. Hata pale pembeni tulipogombania mimi na kaka hadi kutishiana mahakama, kaka akasema, "Weka unapotaka." Nikasema, sikiliza kaka, sitaki ugomvi, hata upande wangu watalima watoto wako, wangu wako mjini, na wewe ndiye baba yao huku. Ntandu, mtu niliyemwona akitolewa mwiba wa mgunga kwenye unyayo bila kukunja uso, akakaa chini kwenye vumbi, akajifunika uso kwa kofia, akalia.

Nikamshika bega. Moyoni nikasema, tazama upatanisho unavyofanya kazi.

Alhamisi asubuhi niliamka nikakuta uani kumejaa. Wanawake wanaingia na mizigo ya kuni kichwani, wanaitua bila kelele. Wengine wana unga kwenye ungo. Wanaume wamekaa upande mmoja, hakuna anayecheka. Mchungaji wa mtaa yuko kwenye kiti, Biblia magotini. Mama yangu amekaa chini kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, amejitanda kanga hadi kichwani. Mtu yeyote wa kwetu akiona hivyo anajua aulize, "Nani?" Mimi nilidhani wamekuja kufurahia kwamba watoto wa marehemu wamepatana.

Basi nikasimama. Mungu anisamehe, nikasimama mbele yao nikakohoa.

"Ndugu zangu," nikasema, "sikujua kama nina watu wengi hivi. Mwaka mzima nilikuwa na mzigo moyoni, na wiki hii nimeutua. Niliokuwa nimewakosea nimewaomba radhi, mimi na kaka tumemaliza, na picha nimeshapiga..."

Mwanamke mmoja nyuma akaachia ukemi wa kilio. Mwingine akamdaka. Mchungaji akasimama akaanza kusema "Tuombe", na wakati huo huo lori linaloelekea mnadani likasimama barabarani, akashuka Mzee Salumu na kofia yake nyeupe, akampa mkono mtu ashuke, na mtu huyo alikuwa mke wangu na mtoto mgongoni.

Hakumsalimu mtu. Alipita katikati ya watu hadi mbele yangu, na sijawahi kumwona na uso ule, mkavu, midomo imepauka.

"Baba Neema. Niambie hapa hapa mbele ya mama yako. Majibu yamesemaje?"

"Majibu gani?"

"Ya damu. Mama Upendo alikuona."

Na mimi, msomi, mtu wa mipango, nikajibu kwa ukweli mtupu: "Hayajatoka. Ni kesho."

Nikasikia unga ukidondoka kutoka kwenye ungo. Nikatazama kuni. Nikatazama mkeka wa mama. Nikamtazama kaka, ambaye alikuwa ananitazama kwa macho ya mtoto aliyeogopa, na ndipo kila kitu kikanirudia kwa mpigo, ngazi, picha, mipaka, nikaelewa nilichokuwa nimekifanya. Nikataka kucheka. Nikafungua mdomo niseme, jamani, ni maazimio tu, ni mwaka mpya, sijambo.

Lakini mke wangu alikuwa amemhamishia mtoto mbele, amemkumbatia, akasema kwa sauti ndogo sana, nadhani niliyesikia ni mimi tu:

"Huyu ananyonya."

Nikaufunga mdomo. Maana nilikuwa najuaje kwamba sijambo? Nilikonda, na nilisema ni kazi, lakini kila niliyemzika alisema ni kazi. Nilikuwa natoka jasho alfajiri bandani. Nilikumbuka sindano niliyochomwa kwenye zahanati moja nikiwa safarini, sindano iliyotoka kwenye sufuria ya maji ambayo sikuona kama yalichemka. Nikakumbuka na ujana wangu, ambao sitawasimulia. Hofu iliyokuwa ya watu wote pale uani ikaniingia mimi, ikakaa, na kuanzia hapo sikuwa tena mtu aliyeeleweka vibaya, nilikuwa mtu anayesubiri Ijumaa kama wao. Nikasema sijambo, lakini kuni hakuna aliyeziondoa.

Tulirudi mjini mchana huo huo, na mama na kaka wakapanda nao. Usiku hatukulala na sitausimulia.

Ijumaa tukajipanga kwenye korido ya hospitali, mimi, mke wangu na mtoto, mama yangu na mkeka wake, kaka Ntandu kwenye koti la marehemu baba, Mzee Salumu na tasbihi. Mama Upendo naye akatokea. Wagonjwa wengine wakasogea kutupisha. Daktari alipofungua mlango na kuita jina langu tukasimama wote.

"Hawa wote ni wa kwako?"

Akaturuhusu mimi na mke wangu. Kaka akaweka mguu mlangoni usifungwe.

Daktari alisoma kwa muda ambao haukuwa na haki ya kuwa mrefu vile. "Damu nzuri," akasema. "Ila una minyoo. Mingi."

"Mama!" kaka akapaza sauti kwenye korido, sauti ya kuita ng'ombe. "Mama, ni minyoo!"

Na mama yangu, mjane, mtu mzima anayeheshimika, akapiga vigelegele. Vigelegele vya harusi, kwa sababu ya minyoo yangu. Korido nzima ikalipuka kwa kicheko, wagonjwa wa mguu, wagonjwa wa macho, nesi ameegemea ukuta, nikasikia mtu anamwelezea mwenzake aliyechelewa kufika: "Yule, mwenye tai, ana minyoo." Daktari akanifunga tena kile kitambaa cha presha, akapampu, akakunja uso. "Jumanne ilikuwa nzuri hii. Umefanya nini wiki hii?"

Mke wangu hakunipa nafasi. Yeye hakucheka.

"Dokta," akasema, "na ule ugonjwa mwingine?"

Daktari akatutazama. "Huo sikuupima. Hakuuomba kwa jina."

"Basi upime. Yeye na mimi."

Kaka akaondoa mguu wake mlangoni, akafunga mlango mwenyewe taratibu.

Majibu ya mara hii yalichukua muda. Nilifundisha twisheni sijui nilifundisha nini, niliwapa kuku maji mara mbili na kusahau chakula. Mama Neema aliendelea kumnyonyesha mtoto kwa sababu ilibidi anyonye, na kila mara alipomweka kwenye titi alitazama pembeni, dirishani, na mimi nikatoka nje, maana hilo ndilo sikuweza kuliona. Siku ilipofika tulikwenda wawili tu. Daktari alituambia hatuna kitu, sote wawili. Nikatafuta kiti nikakosa, nikakaa kwenye mzani wa kupimia uzito.

Tulitembea hadi getini. Nilikuwa nangoja anigombeze, nimejiandaa, nilistahili. Mama Neema akasimama kuweka mtoto vizuri mgongoni, akafunga kanga, akavuta fundo.

"Na kama ingekuwa kweli," akasema, "ungeniambia?"

"Ningekuambia. Ningekuambia, mke wangu."

Akanitazama, si kwa hasira.

"Ungeniambia wiki ya mwisho," akasema, "pamoja na mengine yote."

Akatangulia. Mimi nikabaki pale getini, nimepona kila kitu isipokuwa hiyo sentensi, na hata minyoo ilikuwa inatibika.

Maazimio ya mwaka mpya sijaweka tena. Ninalo moja tu, la kila siku, kwamba jambo likinijia kichwani, jema au la kutisha, namwambia siku hiyo hiyo, niwe na kazi kiasi gani. Kuna siku namfuata hadi jikoni, moshi umejaa, mwiko uko mkononi mwake, naanza kumweleza, na yeye anasema, "Baba Neema, hili si lingengoja nimalize kusonga?"

Halingoji. Namweleza hivyo hivyo, macho yananitoka machozi kwa moshi.